Jibu Zuri ni Hapana

Binti yangu alipofikisha miezi mitatu nilimpeleka Lodwar kwa mama yangu. Nikasema ni wiki mbili tu, kazi imenibana. Wiki mbili zikawa miezi minne. Kazi haikuwa imenibana hata kidogo. Nilikuwa naiogopa mikono yangu.

Kabla hujaanza kunisikitikia, jua kwamba mimi si mwoga. Nge niliowaua kwa kandambili siwezi kuwahesabu. Nimepita Kainuk juu ya lori la mahindi wakati madereva walikuwa wakipita pale wameinamisha vichwa kwa kuogopa risasi za majambazi. Mdomo wangu nao hauna breki, wenzangu wote kazini wanajua, na kuna mkubwa wetu mmoja aliyewahi kuniomba nisiseme chochote mkutanoni kwa sababu wageni walikuwa na haraka. Sasa mtu kama huyo anaogopa kukaa na mtoto wa kilo tano? Ndiyo. Niliogopa mpaka nikakonda.

Ilianza alasiri moja Kakuma, kwenye chumba changu cha kupanga karibu na soko. Nilikuwa nimemlaza mtoto mapajani, namkata kucha kwa mkasi mdogo. Alikuwa amelala fofofo, vidole vimelegea. Likanijia wazo kwamba mkasi huu ukitaka unaweza kuuelekeza kwingine, mbali na kucha. Sikusikia sauti ya mtu. Lilikuwa wazo langu mwenyewe, kwa Kiturkana changu mwenyewe, tena limetulia kabisa, jinsi mtu anavyowaza kwamba chumvi imeisha. Nikaurusha mkasi nje. Mtoto akashtuka akalia, nami nikalia naye.

Tangu siku hiyo wazo likawa linarudi, na likaleta wenzake. Jiko likiwaka, hilo hapo. Ndoo ikijaa maji, hilo hapo. Kisu nikakificha juu ya kabati. Nikawa nanunua sukumawiki iliyokatwa tayari, na kitunguu nakipasua kwa mikono. Jirani yangu aliponiona napambana na kitunguu hivyo aliniuliza kama ni mapishi niliyofundishwa ofisini. Nikamwambia ndiyo, kitunguu kinabaki na vitamini. Aki, uongo ukishauanza unakuja wenyewe.

Baba ya mtoto ni dereva wa lori kati ya Kitale na Lokichoggio. Ni mtu mwema, lakini nyumbani anakuja kama mgeni, analala usiku mmoja na asubuhi amewasha injini. Yeye nilimwambia yale yale ya kazi, naye akasema mama mkwe ni mtu wa kuaminika, hakuna shida.

Mama yangu ndiye aliyeuliza. Nilipofika kwake Kanamkemer, pembeni mwa Lodwar, na mtoto mgongoni na mabegi mawili, alikuwa ameketi kivulini anasuka kikapu cha miaa. Tukasalimiana, ejok, ejok. Kisha akaangalia ukubwa wa mabegi.

"Huyu bado ananyonya. Wewe unaenda wapi?"

"Kuna kazi ya haraka kambini, mama. Wiki mbili."

Alinitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. Halafu akaweka kikapu chini, akanyoosha mikono, akampokea mtoto. Niliondoka haraka. Ningeaga mara ya pili, ningebaki.

Kazi yangu niieleze kidogo, maana ndiyo iliyoniponza. Kwa miaka sita nimekuwa nikizunguka kambini na tableti mkononi, nikiwauliza wakimbizi maswali kwa niaba ya shirika hili au lile. Mnakula mara ngapi kwa siku? Maji mnachota wapi? Mama, katika siku za karibuni umejisikia vipi? Nabonyeza kisanduku, naenda swali linalofuata. Kuna visanduku vya kawaida, na kuna vingine ambavyo ukivibonyeza tableti inaweka alama nyekundu, na jioni ile ile jina la mtu linafika kwenye meza ya mtu mwingine. Kesho yake gari linasimama mlangoni kwake na maafisa wawili wanashuka, na majirani wote wanatoka kuangalia. Nia ni njema, sikatai. Lakini mimi ninajua swali gani linaita gari.

Basi nikawa nauliza maswali yangu huku maziwa yananivuja. Siku moja nikiwa mbele ya mzee Mkongo, katikati ya swali la choo, blauzi ikalowa mbele yote. Mzee wa watu akageuza uso, akaendelea kunieleza habari za choo akiangalia ukuta. Nikafika mahali moyo unanienda mbio hata nikiwa nimeketi, kifua kimebana, mikono ina ganzi. Nikajua ni malaria au moyo wenyewe umeharibika. Nikaenda kliniki.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Malaria hakuna, akasema. Presha nzuri. Halafu akauliza nimejifungua lini, na mtoto yuko wapi. Nilipomjibu, akavua miwani.

"Dada, moyo wako ni mzima. Huu ni wasiwasi, na unawapata akina mama. Kuna mpango wa ushauri kwa simu, bure, unaongea na mtu aliyesomea. Mimi nakuunganisha leo."

Jioni hiyo hiyo ikaingia fomu kwenye simu yangu. Nikaifungua, nikaketi vizuri kitandani, na haki ya Mungu nikatabasamu. Maswali yale niliyajua kama njia ya kwenda sokoni. Unalala? Nikaweka: wakati mwingine. Unalia? Mara chache. Unapata mawazo ya kujidhuru wewe au mtoto wako? Nikalitazama swali hilo. Nikaliona gari mlangoni kwa mama yangu, maafisa wawili, majirani wa Kanamkemer wametoka kuangalia, na mtoto anabebwa. Nikabonyeza hapana. Nikarudi nyuma kuhakikisha majibu mengine yanapatana na hilo, maana mimi ni mtaalamu, majibu yasiyopatana nayagundua upesi. Kisha nikatuma. Nilijaza fomu ya ugonjwa wangu mwenyewe na nikafaulu mtihani.

Mshauri wangu alikuwa mwanamke kijana wa Nairobi, sauti ya chini, nyuma yake pazia la kijani. Miadi yetu ya simu ya video ilikuwa kila Jumanne saa kumi. Chumbani kwangu isingewezekana, kuta ni mabati, ukikohoa jirani anakuambia pole. Kwenye ua wa ofisi kuna gari bovu lililokaa miaka, magurudumu yaling'olewa zamani, lakini milango inafunga. Humo ndimo nilimokuwa naingia na kitambaa cha kufutia jasho. Mlinzi wa getini aliniuliza mara moja tu nafanya nini mle ndani. Nikamwambia naomba. Hakuuliza tena, na kila nikitoka alikuwa ananiambia amina.

Kwa sababu fomu ilisema nina shida ndogo ya usingizi, mshauri alinitibu shida ndogo ya usingizi. Kosa lilikuwa langu, lakini nilimkasirikia yeye. Akaniambia nipunguze chai. Akaniambia nitoke nje mchana nipate jua.

"Jua tunalo, daktari," nikamwambia. "Tunaweza hata kuwaazima."

"Mimi si daktari, dada. Haya, tufanye zoezi la pumzi. Funga macho. Jione umeketi ufukweni, mawimbi yanakuja polepole."

"Bahari sijawahi kuiona."

"Basi ziwa. Ninyi mna ziwa kubwa kabisa."

"Lina mamba."

Akacheka mpaka akaziba mdomo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeketi kwenye gari lisilo na magurudumu, natiririka jasho, mtoto wangu yuko Lodwar anapewa maziwa ya kopo na bibi yake, na huyu ananiambia habari za mawimbi. Vikao vitatu viliisha hivyo. Kila mara aliniuliza naendeleaje na kila mara nilimjibu vizuri. Nyumbani kwetu mtu akikuuliza ejok unajibu ejok, hata kama jana umezika. Mama yangu alikuwa anapiga simu ya video siku za Jumapili, ananionyesha mtoto ameota jino, nami nasema loo, mrembo, halafu nazima simu na kulala chali. Wiki mbili, alikuwa ameacha kunikumbusha wiki mbili. Hilo liliniumiza kuliko kama angenigombeza. Niliona wazi kwamba nikiendelea kusema vizuri, binti yangu atakua, ataita mtu mwingine mama, na hakuna atakayenilaumu kwa sababu makaratasi yangu yote yako sawa.

Aliyenivunja ni mwanamke mmoja wa Sudan Kusini, muuza chai kambini. Nilimkuta amempakata mtoto wa umri wa wangu, anakoroga sukari kwa mkono wa pili. Nikatoa tableti, nikaanza. Alijibu haraka kuliko nilivyosoma. Unakula vizuri? Ndiyo. Unalala? Ndiyo. Nilipofika swali lile, hata sikulimaliza.

"Hapana," akasema. "Wewe andika hapana tu, dada. Hii maswali mimi nimejibu mara mingi. Jibu mzuri ni hapana."

"Jibu zuri ni lile la kweli, mama," nikamwambia, kwa ile sauti yetu ya semina.

Akaacha kukoroga. Akanitazama usoni, kisha akateremsha macho kwenye blauzi yangu, ambayo ilikuwa inaanza kulowa tena kwa sababu mtoto wake alikuwa amelia.

"Na wako iko wapi?"

Nikafungua mdomo, mimi nisiyekosa la kusema, nikakosa. Akanimiminia chai. Nilikunywa nikiwa nalia mbele ya wateja wake, yeye akiendelea kuwahudumia na kuwaambia kwa Kiarabu cha Juba mambo ambayo sikuyaelewa, lakini hakuna aliyenicheka. Kisanduku chake nilikiacha wazi siku hiyo. Nilipokuwa naondoka nilimwambia kwamba muuguzi wa kliniki si mtu wa magari, anaweza kwenda kumwona bila kuandikwa na mimi. Akasema atafikiria.

Jumanne ikafika. Nikaingia kwenye gari, nikafunga milango, mshauri akatokea na pazia lake la kijani.

"Dada, unaendeleaje?"

"Vibaya," nikasema. "Ile fomu niliijaza uongo. Mimi nimemwacha mtoto wangu kwa sababu nina mawazo kwamba nitamuumiza kwa mikono yangu."

Kimya. Nikamtazama. Mdomo wake umebaki nusu wazi, jicho moja limefumba. Nikafikiri, haya, nimemaliza, sasa hivi anapiga simu. Kumbe mtandao umeganda.

"Dada? Umepotea. Nimesikia vibaya, halafu basi. Rudia tafadhali."

Jamani! Neno nililolibeba miezi kadhaa, nilitoe mara mbili? Nikalirudia. Likaganda tena kwenye neno mtoto. Mara ya tatu nilikuwa nimeshapandwa na hasira, nikafungua kioo cha dirisha nikatoa mkono na simu nje kutafuta mtandao, na nikalisema kwa sauti ambayo nadhani mlinzi aliisikia getini. Safari hii likafika. Na niseme ukweli, mara ya tatu halikuwa zito kama ya kwanza. Lilikuwa sentensi tu, ya mtu mwenye shida.

Hakushtuka. Aliuliza maswali, lakini si ya visanduku, aliuliza moja na kungoja.

"Hayo mawazo yanapokuja, unayatamani au yanakutisha?"

"Yananitisha mpaka natapika."

"Kuna sauti inayokuamuru ufanye?"

"Hapana. Na hii hapana ni ya kweli."

"Nimekuamini. Dada, nisikilize. Hiki kitu kina jina na kina tiba. Mawazo hayo yanawajia akina mama wengi, bila kuitwa, na wengi wananyamaza kama ulivyonyamaza. Kuwaza si kutenda. Wewe umemsafirisha mtoto kilomita mia na ishirini ili asiguswe na kitu ambacho hujawahi kukifanya. Huyo si mama hatari, ni mama aliyeogopa sana."

Nikamuuliza kama gari litakuja. Akaniuliza gari gani. Nilipomweleza, akasema nikiwa hatarini kweli, au mtoto, angetafuta msaada na angeniambia mimi kwanza, asingenivizia. Kisha tukaanza kazi. Niende kwa muuguzi uso kwa uso wiki hiyo. Wazo likija nisilikimbie wala nisibishane nalo, niliache lipite kama mtu asiyenihusu, na mikono iendelee na inachokifanya. Nikatoa kisu juu ya kabati. Siku ya kwanza nilikata kitunguu kimoja nikatetemeka dakika kumi. Baada ya wiki tano nilikuwa nakata vya mchuzi mzima, na wazo likija naliambia pita, nina kazi.

Kilichobaki ndicho kigumu. Mshauri alisema kuna mtu wa nyumbani anayepaswa kujua, ili nisibebe peke yangu nikiwa na mtoto. Alijua na mimi nilijua ni nani. Nikaomba likizo nikaenda Lodwar.

Nilifika asubuhi. Mama alikuwa ndani, mtoto ameketi mkekani, anaketi mwenyewe sasa, meno mawili. Nikapiga magoti nikamfungulia mikono. Akanikagua, uso ukakunjamana, akageuka akamshika mama yangu sketi na kulia kwa uchungu kabisa. Sitaficha, nilichomwa. Mama akambeba akambembeleza, akaketi kwenye kigoda mbele yangu, akangoja.

Nikamwambia yote. Mkasi, ndoo, jiko, fomu, gari bovu. Sikuinua macho, niliongea na mkeka. Nilipomaliza nilisikia mtoto ananyonya kidole. Nikasema, "Sasa unajua. Ukiona nisimchukue, sema."

Mama akamfuta mtoto mate kidevuni.

"Wewe ulilelewa wapi ukiwa mdogo?" akaniuliza.

Swali gani hilo? Anajua vizuri. Nililelewa kijijini Namoruputh kwa nyanya yangu, mpaka nilipoanza kutembea. Ng'ombe walikufa kwa ukame, huku Lodwar hakukuwa na chakula, nyanya alikuwa na mbuzi wa maziwa. Hiyo ni habari ya familia yetu, nimeisikia tangu nina akili, nimewasimulia hata watu kazini.

"Namoruputh," nikasema. "Kwa sababu ya ukame."

"Hakukuwa na ukame mwaka huo," mama yangu akasema.

Nikainua macho. Alikuwa ananitazama kama alivyonitazama siku ya mabegi mawili, na sasa nikaelewa alikuwa anaona nini siku ile.

"Kwangu ilikuwa kisima," akasema. "Kila nikienda kuchota na wewe mgongoni. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Nikakupeleka kwa mama yangu nikasema mbuzi, nikasema maziwa, watu wenyewe wakamalizia ukame. Nilikaa mwaka mzima na zaidi. Siku niliyokuja kukuchukua ulikuwa unatembea. Ulitembea ukanikimbia."

"Mama."

"Wewe umekaa miezi minne. Umewahi."

Akainuka, akanipakatisha mtoto, akachukua vikapu vyake vya kuuza. Mtoto akaanza kupiga mayowe na kujirusha. Nikamwambia mama asitoke, angalau leo, angalau mpaka amenizoea. Akasema soko halimngoji mtu. Akatoka na kuufunga mlango nyuma yake, na nyayo zake nilizisikia zikienda bila kusita.

Nilibaki na mwanangu. Nilitembea naye chumbani huku na huko, analia, mimi naogopa, jasho linanitoka. Wazo lilikuja. Nikamhamishia bega la pili, nikaendelea kutembea.